Nilifikiri ni kazi ya kukaa

Siku mzee aliyenifundisha udereva wa lori aliponiachia gari alishusha begi lake, blanketi na ile redio yake ndogo ya betri, akapiga mlango wa kichwa (ile sehemu ya mbele anayokaa dereva) mara mbili kwa kiganja kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, akaniambia, "Dogo, ukiona huelewi kitu, shuka." Basi. Hakuna hotuba. Akaenda zake getini na mimi nikabaki nimekaa kule juu, injini imezimwa, nimeshika stelingi, kama dakika ishirini hivi sijawasha. Leseni ninayo, mitihani nimefaulu yote, kitambulisho cha kampuni kinaning'inia shingoni, kizibao cha kung'aa kipya hadi kinanuka plastiki, na bado moyo unadunda kama naenda kuiba.

Sasa nina miezi mitano peke yangu na washkaji wanaotaka kuingia kwenye hii kazi wananiuliza kila siku kukoje huko, kwa hiyo naandika hapa mara moja nimalize.

Cha kwanza, nilikuwa najua udereva ni kazi ya kukaa. Unakaa, unaendesha, unafika, unalala. Kumbe ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi. Kuna siku nilihesabu, hadi saa sita mchana nilikuwa nimeshuka mara 17 na mzigo wenyewe sijapakia bado. Unashuka kukagua matairi, unashuka kufungua milango, unashuka kwenda dirishani kwa karani, unaambiwa karatasi siyo hii rudi, unashuka tena. Magoti yangu ndiyo yanayojua mshahara huu unatoka wapi.

Kuhusu kampuni kubwa. Uzuri wake kwa mtu anayeanza ni kwamba wanakuchukua ukiwa hujui kitu. Mwenye magari mawili matatu hataki mtu asiye na uzoefu, watu wa bima wanamsumbua, na gari likilala siku mbili biashara yote imelala. Kampuni yenye magari mia na kitu inaweza kukubeba wewe na makosa yako madogo. Lakini hawakubebi bure, kuna mkataba, na mkataba wangu ulikuwa unasema nikiondoka kabla ya mwaka narudisha gharama za mafunzo. Nilisaini siku ya tatu mchana tumechoka wote, karatasi kama thelathini zimepangwa, dada wa ofisini anageuza kurasa anaonyesha kwa kidole saini hapa, saini na hapa, na mimi nasaini tu kama mtu anayepokea zawadi. Usifanye hivyo. Omba kwenda nayo nyumbani hata usiku mmoja. Uliza saa za kusubiri kupakia zinalipwaje au hazilipwi kabisa, uliza gari likiharibika njiani unalipwa au unakaa tu unatazama mawingu, uliza tairi likipasuka nani anaandikiwa, uliza kurudi nyumbani ni baada ya siku ngapi, na majibu yawe kwenye karatasi maana ya mdomoni hayana shahidi.

Darasani tulianza kumi na wanne, baada ya vipimo vya afya na jaribio la barabarani tukabaki tisa. Darasa lenyewe sina mengi ya kusema, ni picha za ajali na mtu anasoma kanuni ukutani, nusu ya watu wanasinzia. Shule yenyewe ilikuwa ndani ya gari.

Wiki sita na mzee. Hebu fikiria watu wazima wawili wasiojuana ndani ya chumba kidogo kuliko bafu, mmoja anakoroma, mwingine ananuka soksi (mimi). Mwanzoni nilimuona mkali bila sababu. Hapendi maneno mengi, hapendi muziki kwenye kona, na kila nikikosea hapigi kelele, anagonga dashibodi kwa kidole kimoja, tok, halafu ananyamaza. Hiyo tok niliiota usingizini.

Siku ambayo sitaisahau tulikuwa tunakaribia mteremko mrefu, karibu kilomita saba za kushuka tu, tuko na tani 26 za saruji mgongoni, na mimi nilikuwa najisikia vizuri kweli, gari inateleza, upepo dirishani, nikaona leo nimekuwa dereva. Tok. "Gia gani hiyo?" Nikamwambia. "Na huko chini unategemea nini?" Nikasema breki. Hakujibu, akanionyesha pembeni juu kabisa kabla ya kilele, tukasimama, akaanza kueleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba gia ya kushukia mlima unaichagua ukiwa bado juu, maana ukishaanza kushuka na mwendo umekolea ukitaka kurudisha gia inaweza ikakataa kuingia, na hapo unabaki fri, yaani bila gia yoyote, mzigo wote unakusukuma na injini haikusaidii tena. Kwamba ukikaa na mguu juu ya breki muda mrefu ile ngoma ya breki inapata moto, inatanuka, inazikimbia lainingi zake, yaani vile vipande vinavyoikandamiza kuizuia, unakanyaga mpaka chini na hakuna kitu. Kwa hiyo gia nzito, egzosti breki (ile inayobana moshi wa injini ili injini ipunguze mwendo) imewashwa, na breki ya mguu unaikanyaga kwa nguvu mara moja, mwendo unashuka kidogo, unaachia kabisa ipoe, unaacha gari ipande mwendo tena kidogo, unakanyaga. Siyo kuigusagusa njia nzima.

Tukashuka hivyo, polepole mpaka nikaona aibu, magari madogo yanatupita yanapiga honi. Chini akanisimamisha tena. "Shuka." Akanipitisha tairi kwa tairi niweke kiganja karibu na rimu bila kugusa. Zote joto la kawaida, ila moja la tela upande wa kushoto, pale mkono ulirudi wenyewe. Breki ya tairi hilo ilikuwa inashika, haiachii vizuri. Ukikaa juu hujui hilo, kwenye dashibodi hakuna taa yake, kwenye kioo huoni kitu mpaka siku uone moshi. Tukampigia fundi.

Na kuna jioni nyingine tumepaki sehemu tambarare akaniambia simama hapo mbele ya bampa, piga hatua kubwa kumi na moja. Nikapiga. Akaniambia, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa unakula zaidi ya mita 22 kila sekunde, na breki zetu ni za upepo, upepo unasafiri kwenye mipira mpaka nyuma ya tela, hiyo peke yake inakula kama nusu sekunde, kwa hiyo tangu mguu wako ukanyage mpaka breki ianze kushika umeshafika hapo ulipo. Nikageuka kuangalia kichwa cha gari kilivyo mbali. "Hapo hujaanza kusimama," akasema, "na sijahesabu muda wa wewe kushtuka." Tangu siku hiyo nikiona gari dogo linachomekea mbele yangu naachia tu, naongeza nafasi, anachomekea mwingine naachia tena. Huwezi kuwamaliza.

Sasa rivasi. Aisee.

Kwenda mbele na semi, yaani kichwa kinachovuta tela, utajifunza ndani ya wiki, ni kukumbuka tu kwamba tela linakula kona, kwa hiyo unasonga mbele zaidi kwanza ndipo ukate, na jicho moja linabaki kioo cha nyuma mpaka matairi ya mwisho yapite. Kurudi nyuma ni lugha nyingine. Stelingi kulia, tela linaenda kushoto. Kila mtu anajua hiyo kwa mdomo, ila mikono haijui, mikono imezoea gari dogo miaka yote. Halafu tela fupi linageuka haraka na refu linachelewa, kwa hiyo unazungusha stelingi huoni kitu, unazidisha, ghafla linaitika lote kwa pamoja na ukichelewa kulifuata kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Mzee alikuwa anasema zungusha kidogo, subiri, angalia linasemaje, ndipo uongeze. Na ukiona imeharibika usipigane nayo, songa mbele, nyoosha, anza upya, hakuna anayetoa zawadi kwa aliyeingia mara moja.

Hapa ndipo nilipopata doa langu. Wiki ya tatu peke yangu. Ghala moja kubwa, mlango niliopewa uko upande wa kushoto kwangu, yaani upande ule ambao tela likishakunja huoni kitu kabisa zaidi ya ubavu wake, na kampuni kubwa haina utingo wa kusimama nyuma akupigie kelele lete lete, ni wewe na vioo vyako. Nyuma yangu malori matatu yanasubiri, mmoja anapiga honi. Nilishuka mara moja nikaangalia, nikaona kile chuma cha njano kilichosimikwa pembeni ya mlango, nikasema sawa nimekiona. Nikapanda. Nikarudi, ikapinda, nikasonga mbele nikanyoosha, nikarudi, nikasonga tena. Kwa hiyo mstari niliokuwa naujua siyo huo tena, chuma hakijahama lakini mimi nimehama. Nilijua natakiwa kushuka tena. Nakwambia ukweli nilijua kabisa, mkono ulikuwa umeshafika mlangoni. Ila wale jamaa walikuwa wananiangalia, na mmoja ameshuka amefunga mikono kifuani, nikaona nikishuka mara ya pili nitaonekana mshamba.

Sauti yake haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anafungua kopo la bati taratibu.

Kona ya nyuma ya tela imeingia ndani kama sentimita ishirini, taa moja imevunjika. Yule aliyefunga mikono akaja, nikajua anakuja kunicheka, akaniambia tu, "Pole mkuu, nyoosha kulia, nitakuangalizia." Angeniangalizia tangu mwanzo kama ningemuomba. Sikuomba.

Kampuni kubwa kwa mambo ya ajali wana utaratibu wao: piga picha pande nne, jaza fomu, usiondoke, usikubali wala kukataa kosa mbele ya mtu, subiri simu. Simu ikaja, baba mmoja wa kitengo cha usalama, mpole kuliko nilivyotegemea. Akaniuliza, "Ulishuka mara ngapi?" Nikamwambia mara moja. Akauliza, "Kabla ya kusonga mbele au baada?" Nikanyamaza na yeye akanyamaza, nasikia tu anaandika. Nikarudishwa yadi siku mbili narivasi katikati ya zile koni za rangi ya chungwa, darasa jipya limekaa pembeni linatazama. Mmoja wao aliniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema ndiyo kwa namna fulani.

Mambo ya ofisini sasa. Watu wanafikiri bosi wa dereva ni barabara, hapana, ni simu. Kuna dada anayetupangia safari, sauti yake naijua kuliko ya ndugu zangu, anapiga, "Dereva, umefika wapi?" wakati ananiona kwenye skrini kwa setilaiti mpaka mtaa niliopo. Mwanzoni nilikuwa naona ananichunga. Baadaye nikaelewa anachouliza siyo niko wapi, anauliza utawahi au huwahi, maana na yeye kuna mtu anampigia.

Kosa langu la mwanzo ilikuwa kusema ndiyo kwa kila kitu. Utafika saa kumi na mbili asubuhi? Ndiyo dada. Wakati nimekaa kwenye foleni ya kupakia saa tano nzima na saa zangu za kazi zinayeyuka. Kwa wasiojua, dereva wa lori hana ruhusa ya kuendesha anavyotaka, nchi nyingi zina sheria na kifaa ndani ya gari kinachoandika kila dakika. Marekani kwa mfano ni saa 11 za kuendesha, na ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, na kabla ya hapo uwe umepumzika saa 10 mfululizo. Ulaya ni saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaweza kufika 10, na ukiendesha saa nne na nusu lazima upumzike dakika 45. Sasa angalia hiyo ya Marekani ilivyo, ukikaa foleni saa tano zile 14 hazikusubiri, zinatembea huku wewe umekaa. Ukikamatwa umezidisha, kwenye karatasi ya kosa la dereva linaandikwa jina lako, la aliyekupigia simu halimo.

Kwa hiyo siku moja nikapiga hesabu kwenye karatasi mapema, bado nipo foleni, nikampigia mimi kabla hajanipigia. "Dada, saa kumi na mbili sitafika. Nitafika saa nne." Kimya. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema, "Sawa, nawaambia wateja wasogeze. Ungekuwa unaniambia hivi siku zote ningekuwa na mvi chache." Yaani miezi miwili yote naumia tumbo kwa kitu cha dakika moja. Hapana ya mapema wanaweza kuipangia, ile ya kuja kusema saa kumi na moja na nusu ndiyo inayokuharibia jina.

Kamera ya ndani niliichukia, inakuangalia usoni siku nzima, ukipiga miayo sana inalia. Bado siipendi. Ila ile ya mbele ishanitetea mara moja pale gari dogo lilipojichomeka na kufunga breki halafu mwenyewe akadai nimemfuata, kwa hiyo nimeamua kunyamaza.

Hela ni ya kawaida, mwezi wa kwanza nilitegemea kubwa nikapata ndogo, maana unalipwa kwa safari na mgeni anapewa safari fupi zenye kusubiri kwingi. Na gari utakalopewa ni lile ambalo wenzako wamelikimbia, langu kiti kilikuwa kinashuka chenyewe upande mmoja. Usilalamike wiki ya kwanza, andika tu kila ubovu kwenye fomu ya ukaguzi na ubaki na nakala yako, siku kitu kikikatika watauliza nani alijua.

Nimalizie na juzi. Saa tisa usiku, yadi ya watu, giza, mvua ya manyunyu, natakiwa kuunga tela lililoachwa na dereva mwingine. Nikarudi nyuma taratibu, nikasikia ule mlio wa chuma, klak. Nikavuta mbele kidogo huku breki za tela zimefungwa kulijaribu, likashika, halikuachia. Kwa mtu aliyechoka hapo imeisha, unapandisha miguu ya tela, unaunga mipira ya upepo, unaondoka. Nilikuwa na usingizi, blanketi linaniita, na nilishaanza kujiambia imeshika si nimejaribu.

Nikashuka. Nikalala chini na tochi, maji yananiingia mgongoni, nikamulika kule nyuma ya sahani, lile bamba la chuma mgongoni mwa kichwa linalobeba tela. Meno yake yanayotakiwa kuishika pini ya tela hayajafunga. Ile pini ya tela imepita juu yake, imekaa mbele ya sahani, imejishikilia tu pale kwenye ukingo, ndiyo maana nilipovuta ilishika. Na ule mkono wa kufungulia umebaki nje haujarudi ndani, na kati ya sahani na sakafu ya tela kuna uwazi ambao vidole vyangu viliingia. Aliyeliacha alilinyanyua tela kwa miguu yake juu kupita kiasi. Ningetoka hivyo, kona ya kwanza au shimo la kwanza tela lingebaki barabarani na mimi naenda.

Nikabaki nimelala pale chini kidogo, sijui sekunde ngapi, nasikiliza mvua inavyopiga bati la tela. Halafu nikainuka nikaanza kazi, nikalinyanyua tela kwa mkono wa miguu pini ijinasue, nikatoa kichwa, nikalishusha tela mpaka likawa chini kidogo ya sahani ili kichwa kiingie kwa kulibeba, nikarudi upya. Klak. Safari hii mlio mzito zaidi. Tochi, meno yamefunga, mkono umerudi, hakuna uwazi. Nikavuta mara mbili. Nikaunga mipira, nikasubiri upepo ujae mpaka sindano ikapanda, nikazunguka gari lote, nikapanda juu nimelowa kama kitambaa cha kupigia deki.

Sijui kwa nini, nikampigia picha mzee ile sahani nikamtumia, saa tisa na nusu ya usiku, nikijua amelala. Akajibu palepale. Dole gumba. Halafu meseji nyingine: "Milango ya nyuma umefunga komeo zote mbili?"

Nikazima injini, nikashuka tena.